Jasho Lisilokauka

Alhamisi, 14 Machi

Nguo nilizofua jana bado mbichi. Zimelala kwenye kamba usiku kucha, na mvua haijadondoka hata tone. Hewa imeshiba maji, haina pa kuweka mengine. Upepo wa kutikisa uzi hakuna.

Baba amepuliza filimbi mara tatu. Mara moja ni chai. Mbili ni njoo tuzungumze. Tatu sijawahi kusikia. Nimekimbia na povu la mswaki mdomoni, roho mkononi. Namkuta amekaa kitandani, fulana imemganda mgongoni, uso wa kazi kabisa — ule aliokuwa akiuvaa uwanjani enzi zake za urefa.

"Shikamoo, Baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimelionyesha jua kadi ya njano. Likirudia linatoka."

Nikacheka. Nikamwambia iko siku filimbi hiyo itaniua. Lakini nilipoinama kumvalisha ndala niliona miguu yake. Imevimba, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikabonyeza, shimo la kidole likabaki palepale.

Tunakaa ghorofa ya juu, chini ya bati. Tulipohamia tulijisifu sana — hakuna wa kututembelea kichwani! Sasa anayetutembelea kichwani ni jua.

Kazini afadhali, kuna ubaridi wa kuazima. Ukiwa fundi mitambo wa kiwanda cha barafu watu wanakuonea wivu msimu kama huu. Wanadhani nashinda nimekumbatia magogo ya barafu. Hawajui joto la chumba cha kompresa, ile pampu ya gesi.

Mnene anasema kunguru leo wanatembea midomo wazi, kama watu waliosahau walichotaka kusema. (Mnene ni mpakiaji wetu. Mwembamba kama ufito. Jina alipewa kwa kejeli, likaganda.) Nilitoka kuangalia. Kweli. Kunguru kwenye ukuta, mdomo wazi, koo linachezacheza. Sikukaribia.


Ijumaa, 15 Machi

Mtambo unahema.

Nimezoea sauti yake kuliko sauti ya mtu yeyote isipokuwa Baba. Leo imekuwa nzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Mshale wa geji, kipimo cha presha ya gesi, ulikuwa juu kuliko nilivyowahi kuuona. Nikapanda kwenye mnara.

Watu wanafikiri tunapika baridi humu ndani. Baridi haipikwi. Unachofanya ni kulitoa joto kwenye maji, unalibeba, unalitupa nje. Pa kulitupia ni mnara ulio juu ya paa: maji ya moto yanamwagika juu ya mbao, hewa inapita katikati, maji kidogo yanageuka mvuke na kuondoka na joto lake, yaliyobaki yanashuka yamepoa. Ni jasho tu. Mtambo unatoka jasho kama mimi na wewe.

Leo yanapanda ya moto, yanashuka ya moto. Nimetia mkono chini ya mnara, nikautoa haraka.

Nikabaki nimesimama pale kivulini. Nikajigusa shingo — maji matupu. Yananitiririka mpaka kwenye viatu na sioni nafuu yoyote. Hapo nikaelewa jambo, na ningependa nisingelielewa. Jasho la kutiririka halikupozi. Linalokupoza ni lile linalokauka. Kama hewa haiwezi kukausha jasho la mtambo, langu atalikausha nani? La Baba je?

Nilishuka, Mnene akaniuliza mnara una nini. Nikamwambia mnara hauna kitu. Kilicho kibovu ni hewa.

"Sasa hewa tunaipeleka kwa fundi gani?"

Jioni, kwenye mti mkubwa ng'ambo ya mto, popo walikuwa wanajipepea kwa mabawa yao. Maelfu! Mti mzima unapepea na hakuna upepo. Halafu wakaanza kuanguka. Puu. Puu. Watu daraja zima wamesimama wanatazama. Mmoja aliangukia karibu yangu, jike, na mtoto wake bado amemng'ang'ania kifuani, hai, anageuzageuza kichwa. Mwanamke mmoja akasema tumwokote. Hakuna aliyeinama. Hata mimi.

Nimebeba kipande cha barafu kwenye gunia la maranda. Baba ameweka miguu kwenye beseni. Ameniambia sasa anaishi kama mfalme. Sikumwambia habari za popo.


Jumapili, 17 Machi

Dada amepiga simu. Yeye anakaa kule juu milimani, anasema usiku wanajifunika blanketi. Blanketi! Neno lenyewe limenipa hasira. Anazungumza kama vile joto hili nimelileta mimi kwa uzembe.

Amesema nimpandishe Baba basi la kesho asubuhi. Haraka. Nimeshika simu karibu na sikio la Baba ili wasikizane wenyewe.

"Refa haondoki uwanjani mpaka dakika tisini," Baba akasema.

"Baba, dakika tisini zilishapita zamani," dada akamjibu. "Huo ni muda wa nyongeza."

"Nani kauongeza? Mwenye saa ni mimi."

Walibishana mpaka salio likaisha. Lakini baadaye, nikimkausha mgongo kwa taulo ambayo nayo haikaushi, aliniuliza polepole kama kwa dada kuna dirisha linaloangalia barabara. Nikajua amekubali. Nikajua pia kwamba anaogopa. Baba yangu aliyewahi kuwatoa nje wachezaji wawili wa timu ya nyumbani, halafu akatembea kwa miguu mpaka kituoni katikati ya mashabiki wao! Anaogopa, na hataki nione.

Nimepanga begi lake. Mashati mawili, dawa za presha, redio.

Redio ndiyo iliyoharibu. Taarifa ya saa moja: nyasi zinaungua pande zote mbili za barabara ya milimani, moshi hauruhusu kuona, mabasi yamesimamishwa. Mtabiri wa hali ya hewa akafuata. Hakuna mabadiliko yanayotarajiwa. Wazee, watoto na wajawazito wakae mahali penye ubaridi.

Baba akazima redio. "Mahali penye ubaridi," akarudia. Akatazama bati.


Jumatatu, 18 Machi

Mlinzi amekufa.

Amekufa akiwa amekaa. Kwenye kibanda chake cha getini, kivulini, ndoo ya maji pembeni. Mnene alimsalimia akiingia, akamsalimia tena akitoka, akadhani amesinzia, akamtania kwamba wezi wamebeba geti. Mara ya tatu akamshika bega.

Sare yake imefungwa vifungo mpaka shingoni.

Hakuwa mzee. Hakuwa mgonjwa. Wiki iliyopita alinibebea mtungi wa gesi peke yake, huku anaimba. Mganga wa zamu aliyekuja na gari alimtazama kidogo tu. Joto, akasema. Wa tano tangu asubuhi, akasema, na akaomba maji ya kunywa.

Kivulini! Amekaa! Hakuwa anafanya kazi yoyote!

Nimeondoka bila ruhusa. Nimekimbia — mjinga mimi, kukimbia kwenye joto hili — nikapanda ngazi mbili mbili mpaka macho yakaingia giza. Nimemkuta Baba anacheza drafti peke yake. Anajiibia mwenyewe kete.

"Mbona uko hivyo?" akaniuliza.

"Nimesahau funguo."

Nikaingia jikoni, nikafungua bomba ili asisikie. Maji ya bomba yanatoka ya moto, kama ya kuoshea vyombo. Nimelia na sikuweza kutofautisha machozi na jasho.


Jumanne, 19 Machi

Foleni ya barafu imezunguka kiwanda. Wauza maziwa, wauza samaki, wenye maduka, na watu wa kawaida na mabeseni. Mtu mmoja amekuja na foronya. Samaki wenyewe sijui wanatoka wapi, maana mtoni wanaelea matumbo juu, wadogo kwa wakubwa. Maji yakipata joto hewa ya kupumulia inatoka humo. Mto unanuka. Sisi maji ya kutengenezea barafu tunayavuta kisimani, lakini ya mnara ni ya mto huohuo.

Magogo yanaganda kwa shida. Yanatoka na moyo wa maji katikati. Ukiligonga, linalia kama debe.

Kabla ya adhuhuri alikuja nesi. Mfupi, viatu vya kiume, amepita foleni yote bila kuomba radhi. Wodi ya watoto, akasema. Feni zinapuliza moto. Wanawakanda watoto kwa maji na maji yenyewe ni ya moto. Anataka barafu, si kidogo, na anataka kila siku.

Mama Bosi, mwenye kiwanda, alikuwa juu ya ngazi ya ofisi, anajipepea na faili. Nilimwona anavyopima maneno. Ana mikataba. Ana watu waliomwamini tangu mume wake yuko hai.

"Binti yangu," akamwambia nesi, "nikiwapa ninyi, maziwa ya mji mzima yanaharibika leo."

"Maziwa yataharibika, Mama. Ni kweli."

Nesi akasimama tu. Foleni yote ikageuka kumtazama Mama Bosi, hata yule wa foronya. Mama Bosi akashuka ngazi, taratibu, akishika ukuta. Magoti yake mabaya. Akafika chini akamwambia Mnene apakie pikapu ya hospitali mpaka springi zilie, na kuanzia sasa hospitali kwanza. Wenye mikataba waje wamtukane yeye.

Wakaja. Wakamtukana.

Sijaandika la muhimu. Nazunguka.

Baba hatoki jasho tena. Nimerudi nikamkuta ngozi kavu, ya moto, kama ukuta wa jikoni. Akaniita kwa jina la Mama. Akaniuliza kama nimemwona mtoto, anacheza wapi jua hili. Mtoto ni mimi. Nimemmwagia maji, nimemwekea barafu kwapani na shingoni, nimempepea na ubao wa drafti mpaka mkono umekufa ganzi. Imechukua muda. Halafu akafumbua macho na kuniambia barafu ya kwapani ni faulo.

Nilicheka kwa sauti ya mtu mwingine.


Jumatano, 20 Machi

Umeme umekatika mji mzima. Wanasema nyaya zimelegea kwa joto, transfoma imelipuka. Hakuna feni. Simu zinakufa moja moja. Kiwandani tuna jenereta, inaendesha mtambo na basi.

Mama Bosi amezidiwa na presha, wanawe wamekuja kumchukua. Kabla hajaingia garini alinivalisha funguo shingoni kama mkufu. "Wewe unajua kilichomo," akasema. Sikuelewa alimaanisha mtambo au barafu. Gari likaondoka.

Saa nne nilisema inatosha. Nikamwambia Mnene alete mkokoteni, twende kwangu.

Baba alikuwa sakafuni bafuni. Amelala kifudifudi, shavu kwenye vigae, anatafuta ubaridi kama mjusi. Mshonaji anayekaa chini alikuwa amekaa mlangoni pa bafu na mjukuu wake mchanga kifuani, mwenyewe analia. Alisikia kishindo akapanda, lakini hakuweza kumwinua. Mwili wa Baba ulikuwa unawaka. Mnene akambeba mgongoni. Mnene yule! Ghorofa zote zile, magoti yanagongana, anaita kila ngazi kwa matusi.

Tukamlaza kwenye mkokoteni juu ya magunia ya barafu, tukamfunika shuka nililolichovya majini. Mshonaji alisimama barazani anatutazama. Hakuomba. Mjukuu hakuwa analia, alikuwa anahema tu, mdomo wazi. Nikakumbuka kunguru.

"Panda," nikamwambia.

Njiani mji umekuwa kimya kama siku ya msiba. Mbwa wamelala ndani ya mitaro. Majani ya miti ya barabarani yamejikunja, mengine yamedondoka yakiwa mabichi. Lami inashika ndala. Baba akafumbua jicho moja karibu na daraja, akauliza anapelekwa wapi. Nikasema kazini kwangu. Akasema mshahara tuzungumze kwanza.

Alhamdulillahi! Amenitambua.

Mbele ya ghala la barafu kuna chumba cha kupakilia. Kuta nene, zimejazwa maranda. Ukifungua kidogo mlango wa ghala, ubaridi unateremka sakafuni kama maji. Nimetandika mikeka hapo. Nimemvalisha Baba koti la ghalani, lile zito la pamba, ili asipigwe na baridi ya ghafla. Kituko — nje watu wanakufa kwa joto, ndani namfunga Baba vifungo! Rangi imemrudia polepole. Mjukuu wa mshonaji amelia, kilio kizuri, cha hasira. Bibi yake akabusu ukuta.

Kisha wakaanza kuja wengine. Sijui nani aliwaambia. Mwuza mkate aliyetuona na mkokoteni. Mke wa mlinzi na watoto wake wa shule — huyo ningemzuiaje? Mjamzito mmoja ameletwa na mumewe, mume akakataa kuingia, akasema nafasi ni ya wengine, akakaa nje chini ya ukuta. Kila mlango unapofunguliwa joto linaingia nao kama mgeni asiyebisha hodi. Mnene akaniambia, Fundi, chumba kimejaa. Nikasema najua. Akafungulia wengine wawili.


Alhamisi, 21 Machi

Nimeuzima mtambo.



Asubuhi mshale uliingia kwenye rangi nyekundu na haukutoka. Niliwaagiza wanaume waliokuwa nje wachote maji kisimani kwa ndoo, wapandishe mnarani, wamwage. Walifanya mlolongo kwenye ngazi, ndoo mkono kwa mkono. Mume wa mjamzito alikuwa juu kabisa, juani. Mshale ukashuka kidogo. Kisima kikaanza kutoa matope. Mshale ukapanda.

Halafu valvu ya usalama ikapiga mluzi. Mwembamba, kama birika. Na harufu.

Gesi hii naijua. Ndiyo inayobeba joto ndani ya mabomba, na ikikaa humo ni mtumishi mwema. Ikitoka, pumzi moja inakufunga koo, ya pili inakupofusha. Ukuta mmoja tu kutoka pale — Baba, mtoto mchanga, mjamzito, watoto wa marehemu. Mlango wao umefungwa ili ubaridi usitoke.

Sikufikiri. Nilivuta swichi. Nilifunga valvu zote kwa mpangilio alionifundisha fundi mwenzangu wa zamani, natamka kila moja kwa sauti kama mtoto anayesoma. Nilimtuma Mnene awatoe watu. Walitoka nje, wakasimama juani wanapepesuka mpaka harufu ikaisha, kisha nikawarudisha. Mwuza mkate hakutaka kurudi, anasema bora joto analolijua. Ameondoka. Simwoni tena barabarani.

Kimya cha mtambo. Sijawahi kukisikia mchana. Maji yanadondoka tu mahali fulani.

Kuuwasha siwezi mpaka hewa ibadilike. Nimetazama angani mara ngapi leo? Ni nyeupe. Si mawingu, si bluu, nyeupe kama jicho la mgonjwa. Mtabiri hatumsikii tena, redio ya Baba imeisha betri.

Barafu iliyomo ghalani ndiyo hiyo. Haiongezeki.

Baba ananiangalia tangu niliporudi. Ameona uso wangu. "Mtambo umesimama?" akaniuliza. Nikasema nimeusimamisha mimi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya akikubali uamuzi wa refa mwenzake. "Ni sawa," akasema. "Gesi si ya kuchezewa." Kisha akauliza barafu iliyobaki ya nani.

Nikasema ya wote, Baba, lala.

Hakulala.

Nesi amefika. Pikapu ya hospitali, viatu vyake vilevile, macho mekundu. Ilikuwa zamu yake ya mzigo wa leo, kama Mama Bosi alivyoahidi. Hakuuliza kwa nini kuna kimya. Alichungulia ghalani akatazama magogo yaliyobaki. Halafu akageuka akatazama mikeka. Mmoja mmoja. Mshonaji akamvuta mjukuu wake kifuani.

"Mtambo utawaka lini?"

"Hewa ikibadilika."

"Lini?"

Ningejua ningemwambia. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini wengine wasisikie. Vitandani wamelaza watoto wawili wawili. Alfajiri wamefunika mmoja uso. Wengine wanashikilia kwa sababu ya barafu ya jana tu, na ya jana imeisha. Akasema nusu haitawafikisha jioni. Hanilazimishi, akasema. Ananiambia tu.

Nusu haitatufikisha jioni na sisi. Chumba hiki bila barafu ni chumba kama kingine, tena kimejaa pumzi za watu.

"Wachukue nafasi hapa," nikamwambia. "Waleteni hapa."

"Wenye dripu? Kwenye mkokoteni?" Alisema bila ukali. "Nimeshalifikiria hilo, dada yangu. Njiani ndipo tutawapoteza."

Nimemwomba anipe muda kidogo. Muda wa nini, sijui. Nimekuja kukaa hapa kizingitini, mgongo kwenye mlango wa ghala, funguo shingoni. Naandika kama vile daftari litanijibu. Mke wa mlinzi ananitazama. Mjamzito ananitazama. Mume wake bado yuko nje chini ya ukuta, na ndoo tupu kichwani kama kofia. Afadhali wangepiga kelele! Nikifumba macho namwona Baba kwenye vigae. Nikifumbua namwona nesi anatazama saa, kisha anaacha kuitazama kwa adabu.

Nje pikapu inarudi nyuma kuja mlangoni. Mnene anaielekeza kwa makofi — njoo, njoo, njoo. Mimi sijamwambia afanye hivyo.

Baba ameinuka amekaa. Anafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa vidole vile vilivyovimba. Namwambia Baba, subiri, sijaamua. Hanisikii, au anajifanya. Amemnyooshea nesi mkono amsaidie kusimama, anamwambia watoto kwanza. Bega moja limeshatoka kwenye koti —